Mraba wa Pili

Watu wakisoma kibao changu mlangoni, "Vibali vya Safari", huingia wakidhani mimi ndiye ninayevitoa. Mimi sitoi kitu, najaza tu. Wanaotoa wako huko wanakokwenda, hawanijui wala siwajui, na nadhani wengine hata si watu, ni mashine inayosoma kilichoandikwa na kujibu ndiyo au hapana. Nimewaeleza wateja mpaka mate yamenikauka. Bado mtu atakaa hapo aanze kunibembeleza, dada tusaidie, dada fanya mpango, kana kwamba muhuri wa nchi za watu uko kwenye droo yangu.

Siku hizi karibu popote unapotaka kwenda huendi ubalozini kupanga foleni. Unaomba kibali cha kuingia kwa mtandao kabla hujakata tiketi. Pasi inapigwa skani, picha inapandishwa, unajibu maswali, unasubiri barua pepe. Kwa anayejua ni kazi ya robo saa. Asiyejua anakuja kwangu, kwenye chumba kimoja chini ya ghorofa, chenye kompyuta, mashine ya skani, kamera juu ya miguu mitatu, na ukutani shuka jeupe nililolikaza kwa misumari. Mbele ya shuka kuna stuli. Mteja anakaa pale, namwambia asitabasamu, nampiga picha.

Na picha ikikataliwa, ina sababu. Alikuja kijana mmoja na fulana yenye sura ya mchezaji mpira kifuani, mfumo ukamgomea, ukasema kwenye picha wako wawili. Nilimvua fulana mwenyewe. Nasema haya ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa mambo ya ajabu ajabu. Nikisikia mtu anasimulia vya kutisha huwa namwuliza alikuwa amelala saa ngapi na alikula nini.

Basi akaja Fundi. Hilo ndilo jina tulilompa mtaani, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa upande wa pili wa barabara, tunaangaliana kutwa. Mama wa makamo, mpole, futi ya kupimia shingoni hata akienda sokoni. Ndiye aliyenishonea gauni la harusi, na ndoa ilipovunjika ndiye aliyelifumua akanitengenezea mapazia, asiniulize swali hata moja. Mtu wa namna hiyo hasahauliki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa akaishika pasi yake kwa mikono miwili.

Mwanawe wa pekee yuko ng'ambo, ni mwendesha mashine kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Moyo wake ulikuwa na kasoro, na madaktari wa huko walikuwa wamempangia kupasuliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Hana mke, hana ndugu kule, ana mwenzake wa chumba tu. Alimpigia mama yake akajifanya anatania, kisha utani ukamwishia mdomoni.

"Aliniambia, 'Mama, sitaki kuingia mle peke yangu,'" Fundi alisema. "Ndiyo hayo tu. Nataka nimshike mkono kabla hawajamlaza. Baada ya hapo Mungu atajua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikujaliwa, lakini siku ile niliuona kwa macho. Nikamwambia aondoe shaka. Nchi ile hujibu kwa siku mbili tatu, nafasi ilikuwepo. Barua ya hospitali alikuwa nayo, anwani ya atakapofikia alikuwa nayo, pasi yake ilikuwa mpya kabisa. Nikajaza mbio mbio kama ninavyowajazia wote. Umewahi kufungwa? Hapana. Umewahi kufukuzwa nchi yoyote? Hapana. Umewahi kutumia jina jingine? Hapana. Maswali hayo hata sikumsomea. Nani ataniletea habari za kufungwa kwa mama anayeshona sare za watoto?

Nikamkalisha kwenye stuli, nikampiga picha, nikaipandisha. Jibu likaja papo hapo kwa maandishi mekundu: picha imekataliwa, imeonekana zaidi ya sura moja.

Niliitazama ile picha. Sura ilikuwa moja, yake, na macho yake ya kuchoka. Nikadhani ni kitambaa cha kichwani, kilikuwa na maua makubwa. Akakivua. Nikapiga tena, ikakataliwa. Nikafuta kioo cha kamera kwa ncha ya blauzi, nikafunga dirisha, nikalivuta shuka likakaza. Ikakataliwa. Nikaacha kamera nikatumia simu. Ikakataliwa. Fundi alikuwa ametulia tuli, anafuata kila ninachomwambia, inua kidevu, shusha mabega, na kila nilipoangalia jibu alikuwa ananiangalia mimi kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

Nikaenda kukaa pale mwenyewe, nikajipiga, sijapaka hata mafuta usoni. Ilipita mara moja. Nikapiga stuli tupu. Mfumo ukasema hakuna sura. Basi kamera ilikuwa nzima, na stuli haikuwa na lolote.

Nina programu ya kukatia picha. Ukiifungulia picha yoyote inatafuta uso yenyewe na kuuzungushia mraba wa kijani, ili ujue ukate wapi. Nikaifungulia picha ya mwisho ya Fundi. Mraba mmoja ukamzunguka uso. Mraba wa pili, mdogo, ukatokea kushoto kwake, chini, usawa wa mbavu. Ndani yake hamkuwa na kitu. Shuka tupu. Niliikuza picha mpaka nikaanza kuona nyuzi za shuka, na nilichoona ni nyuzi za shuka tu.

Nikafungua zile za mwanzo, moja moja, kwa mfuatano wa nilivyozipiga. Katika ya kwanza mraba mdogo ulikuwa pembeni kabisa, karibu utoke nje ya picha. Ya pili ulikuwa umesogea. Ya tatu umesogea zaidi. Katika ile ya mwisho ulikuwa umegusa mkono wa gauni lake.

Niliogopa. Sioni haya kusema. Na jua lilikuwa limewaka nje, watu wanapita, redio ya kinyozi inalia. Lakini mimi nikiogopa huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikaanza kuitukana kompyuta, nikawatukana watu wa umeme, nikalitukana shuka. Fundi akainuka, akaja nyuma ya meza kuangalia ninachokitukania.

Nilidhani atapiga kelele. Alivaa miwani yake, akainama, akatazama ule mraba mdogo kwa muda mrefu. Kisha akaivua futi shingoni.

"Kimo chake kinafika wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Akakaa kwenye stuli kama alivyokaa pichani, akajipima kutoka sakafuni mpaka mbavuni, akabana kwa kidole pale namba ilipofika. Akaitazama namba ile, akarudi kwenye kiti cha wateja, futi ikamdondoka mapajani.

"Ndiye yeye," alisema. "Kimo cha mtoto wa miaka saba. Ni dada yangu."

Nikafunga mlango, nikageuza kibao. Alinisimulia taratibu, kwa sauti ile ile anayokuambia nayo kwamba kitambaa hakitoshi.

Walikuwa wawili, wasichana, wamepishana mwaka na kidogo. Mkubwa alikuwa amepata nafasi shule ya msingi, nafasi za kugombaniwa enzi hizo, na cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho. Mdogo, yaani Fundi mwenyewe, alizaliwa nyumbani, cheti hana. Shule zikikaribia kufunguliwa mkubwa akashikwa na homa. Siku chache tu, akafa. Walipomaliza kuzika, baba yao akatazama cheti, akatazama sare mpya iliyoning'inia msumarini, akamtazama aliyebaki. Akasema mtu hufa, cheti hakifi. Jumatatu ile mdogo akapelekwa shule kwa cheti cha dada yake, kwa sare ya dada yake iliyokunjwa upindo, na kwa jina la dada yake. Kifo hakikuandikishwa popote. Mambo hayo yalifanyika nyumba nyingi, si kwao tu; mtoto anaingia kwenye nafasi ya mwenzake kama anavyorithi viatu.

Mama yao ndiye aliyeshindwa. Siku moja alimwita kwa jina lake la zamani mbele ya mwalimu, baba akamgombeza vibaya. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lolote. Alimwambia wewe, njoo, mtoto. La dada lilimchoma mdomoni, la mwenyewe lilikatazwa.

"Na kule kaburini?" niliuliza.

"Kule nako alikuwa akisema mtoto, hivyo hivyo. Atamwitaje? Jina nilikuwa nimeshaondoka nalo mimi."

Mumewe alikufa hajui. Mwanawe hajui. Mtaa mzima hatujui. Alisema mtu akimwita kwa jina lile la kwenye pasi, benki au kliniki, huwa anageuka nyuma kwanza, kuona kama mwenyewe anakuja. Nami nikakumbuka, kweli, tulikuwa tukimcheka kwa hilo, tukisema Fundi amezibwa masikio na cherehani.

Nilimwuliza kama amewahi kumwona dada yake tangu afe. Akasema hapana. Hajawahi hata kumwota. Na nadhani hilo ndilo lililokuwa limemwumiza miaka yote.

Mimi nikarudi kwenye kazi, maana kazi ndiyo ninayoiweza. Nikamwambia tutafute picha yake nyingine, ile ya pasi yenyewe, tuijaribu. Akakataa. Akaniuliza kama kwenye yale maswali kuna mahali wanapouliza jina. Nikajikuta natazama chini. Nikamsomea: umewahi kutumia jina jingine?

"Ulijibu nini?"

"Hapana."

"Badilisha."

Hapo ndipo maneno yalipoanza kunitoka. Nikamweleza kwamba akisema ndiyo, ombi litatoka kwenye mashine liende kwa ofisa. Ofisa ataomba cheti cha hilo jina jingine, na cheti hakuna, hakijawahi kuwepo. Watakaa nalo. Alhamisi itapita. Picha tutaihangaikia, nitampeleka kwa mpiga picha mwingine, nitakata, nitabandika, nitafanya uchawi wangu, lakini pale paachwe kama palivyo. Akatikisa kichwa.

"Mama, unamchagua marehemu unamwacha aliye hai," nilimwambia. Sikulitafuna neno, na hata sasa najua lilikuwa neno zito kwa mtu wa heshima yake.

Hakukasirika. Aliikunja futi yake, duara juu ya duara.

"Nimemvaa dada yangu maisha yangu yote," alisema. "Mwanangu anataka mama yake amshike mkono. Nikienda hivi, nani atakuwa amemshika? Na huyu hapa unayemwona kwenye kioo chako amesogea mwenyewe mpaka hapa. Hajaja kunizuia. Amekuja kwa kilicho chake. Ningekuwa yeye ningekuja zamani."

Mficha uchi hazai, wanasema, na huyu alikuwa ameshazaa, akaficha, na sasa ndiyo siku ya kufichua imemfikia wakati mbaya kuliko zote. Nikabadilisha jibu. Kisanduku kikafunguka chini yake, tupu, kinasubiri jina alilozaliwa nalo. Nikamwambia alitaje.

Akavua miwani kwanza. Kisha akalisema. Jina lenyewe silitaji hapa, si langu kuligawa. Lilikuwa jina fupi, la kitoto, na alilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaliandika herufi moja moja, akaniambia nimsomee, nikamsomea. Kwenye sehemu ya maelezo nikaandika kwamba mwenye ombi hili amebeba jina la dada yake aliyefariki akiwa na miaka saba. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kifo cha mtoto yule kuandikwa mahali popote.

Kisha nikampiga picha tena. Ikatoka imeinama kidogo. Nikaipandisha. Ikapita.

Niliifungua kwenye programu yangu, nikijiambia siifungui. Mraba mmoja. Kulikuwa na uso wake na shuka jeupe, basi. Nilishusha pumzi, nikageuka nimpe habari njema, nikamkuta Fundi anautazama mlango nilioufunga.

"Ameondoka," alisema, akaanza kulia. Alilia kama watu wanavyolia siku ya msiba wenyewe. Dada yake alikuwa amekufa miaka zaidi ya hamsini iliyopita, na alikuwa hajawahi kupewa nafasi ya kumlilia, kwa sababu kila aliyemtazama aliona dada yupo, amevaa sare, anakwenda shule.

Ofisa alifanya kama nilivyosema. Barua pepe ikaja kwamba ombi linahitaji uchunguzi zaidi. Wakaomba cheti, nikajibu hakuna. Wakaomba kiapo, tukaenda kwa wakili tukala kiapo, nikakipiga skani nikakituma. Wakanyamaza. Niliwaandikia asubuhi, mchana, jioni, kwa adabu mwanzoni, kisha kwa adabu ya kuuma meno. Kila nikiinua macho, namwona Fundi mlangoni kwake, cherehani imefunikwa, simu mkononi. Hakuwa na haja ya kuvuka barabara. Nilikuwa namtikisia kichwa kutoka huku, naye anaitikia kwa kichwa.

Kibali kilikuja wiki ya pili yake, kimeandikwa majina yote mawili, na alikwenda. Lakini Alhamisi ilikuwa imeshapita.

Alhamisi yenyewe ilipofika alivuka akaja kukaa kwangu. Alizungumza na mwanawe asubuhi, akamwambia ukweli, kwamba kibali hakijatoka. Kijana akasema hakuna neno, mama. Sote wawili tulisikia kwamba lilikuwepo. Baadaye mwenzake wa chumba akaandika kwamba ameingizwa. Kisha akaandika kwamba wametoka naye lakini hajaamka, na madaktari hawasemi kitu. Sikumtazama Fundi. Hasira nilizokuwa nazo siku ile sikujua nimpe nani. Nilimkasirikia ofisa, nikamkasirikia marehemu baba yake Fundi, nikamkasirikia na yule mtoto, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba angeweza kusubiri, yeye aliyekwisha kusubiri miaka yote ile angepungukiwa nini akiongeza wiki moja.

Ijumaa mchana simu ikalia. Fundi aliitazama akashindwa kuipokea. Nikaipokea mimi, nikaiweka sauti ya nje, juu ya meza baina yetu. Alikuwa kijana mwenyewe. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye chini ya blanketi, lakini ni yeye. Fundi akaweka viganja vyote viwili mezani.

Alisema yuko salama, anaumwa kifua, amepewa supu mbaya. Mama yake akaanza kumwomba radhi, maneno yakimrukiana, kwamba alimwacha akaingia mle peke yake. Kijana akamkatiza. Akasema hakuingia peke yake.

Alisema walipokuwa wanamsukuma na kitanda kwenye ule ushoroba mrefu, alimwona mtoto wa kike anatembea kando yake. Akadhani ni mtoto wa mgonjwa mwingine amepotea. Hakuna aliyemfukuza. Mtoto akamshika kidole, akaingia naye mpaka ndani kwenye zile taa, akakaa naye wakati wanamvalisha barakoa ya usingizi.

"Nikamwuliza wewe ni nani," kijana alisema. "Akaniambia nimwite mama mkubwa. Mama, nilicheka pale pale kitandani. Mama mkubwa gani hana meno ya mbele?"

"Yaling'oka wiki ile ya homa," Fundi alisema, si kwa kijana, si kwangu.

"Unasemaje?"

"Endelea, baba."

"Akasema, 'Mama yako amechelewa kwa ajili yangu, usimnunie. Mimi nilikuwa karibu kwenda zangu, nikaona bora nipitie huku kwanza.' Mimi nikadhani ni dawa zimeanza kunipanda kichwani. Lakini mkono wake niliusikia, mama, ulikuwa wa baridi, na haukuniachia. Na akaniambia nikiamka nikuite kwa jina lako. Nikamwambia nalijua jina la mama yangu. Akasema hulijui."

Nilisikia mashine ya hospitali inapiga huko mbali, taratibu, moja baada ya moja.

Kisha kijana akaliita. Lile jina fupi, la kitoto, ambalo miaka yote hii lilikuwa limetajwa ndani ya chumba hiki na kwenye kile kiapo tu, na yeye hakuna aliyemwambia. Alilitamka vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa akarudishwa akafundishwa tena.

Fundi aliinuka kwenye kiti. Mama mtu mzima, mwenye mvi, akasimama wima mikono ikiwa ubavuni, kama mtoto wa kike aliyeitwa na mkubwa wake kutoka chumba cha ndani.

"Abee," aliitika.